Bundi wa Mama Mkwe

Mke wangu alinituma sabuni ya zeituni. Nikitoka Ugiriki nimletee mama yake sabuni, basi, hakuna cha kufasiri hapo. Lakini nilikuwa na siku moja tu ya kuzurura Athens baada ya mafunzo ya kazini, na mitaa ya Plaka, chini ya kilima cha Akropoli, imejaa bundi kila duka: wa shaba, wa marumaru, wa kubandika kwenye friji, hata wa hereni. Muuzaji akanieleza kuwa bundi ni ndege wa Athena, mungu wa kike wa hekima, aliyeupa mji jina lake. Nikamkumbuka mama mkwe, mwalimu mstaafu. Hekima kwa mwalimu! Nikachagua wa shaba, macho kama vizibo vya soda, nikapunguziwa euro 3, nikajiona mjanja.

Utaniuliza akili ilikuwa wapi. Wiki mbili za ughaibuni zilitosha kunisahaulisha kwamba kwetu Tanga bundi akitua juu ya bati, watu huanza kuhesabu wagonjwa wa mtaani.

Jumapili tukaenda ukweni. Sebule imejaa: baba mkwe na tasbihi yake, shangazi wawili, watoto kama saba. Watoto nikawagawia sarafu zilizobaki mfukoni, mama nikamkabidhi kifurushi kwa mikono miwili. Akafunua karatasi ya kwanza, ya pili, yakatokea macho.

Shangazi mkubwa akavuta ushungi. Mama akamweka yule ndege mezani kwa ncha za vidole, kama mtu anayetua yai viza.

“Mwanangu,” akasema, “nimekukosea nini?”

Ningeomba radhi hapo hapo, yangeisha. Mimi nikaanza kueleza.

“Mama, huyu si bundi wa huku. Huyu ni wa Athena, mungu wa…”

“Mungu yupi?” Tasbihi ya baba mkwe ikasimama.

“Hadithi tu hizo, baba. Wagiriki wa kale walisema Athena alizaliwa kichwani mwa baba yake, Zeus. Kichwa kilimgonga, kikapasuliwa kwa shoka, binti akatoka mtu mzima na silaha zake.”

“Na mama yake alikuwa wapi?” shangazi akauliza.

Hilo sikutaka kulifikia. “Alikuwa… ameshamezwa. Na Zeus. Akiwa mjamzito.”

“Astaghfirullah!”

Nikaona niokoe jahazi. Nikasema bundi kwa Wagiriki ni ndege wa heshima, hata kwenye pesa yupo. Watoto wakafungua viganja. Kweli: sarafu ya euro 1 ya Ugiriki ina bundi, amenakiliwa kutoka sarafu ya Athens ya zaidi ya miaka 2,400 iliyopita. Historia hiyo hakuna aliyeingoja. Sarafu zilirushwa mezani kwa mkupuo, na sasa mama alikuwa na bundi sita.

“Mimi wangu ng’ombe!” akashangilia mdogo wao, mwenye euro 2.

Shangazi akapumua. “Afadhali ng’ombe. Na huyu msichana mgongoni?”

“Anaitwa Europa. Na huyo fahali ni… Zeus yule yule. Alijigeuza ili amtoroshe binti wa watu.”

Baba mkwe akanitazama, akamtazama binti yake, akanirudia mimi. Nilimwoa kwa posa na mahari kamili, lakini kwa dakika ile nilijiona nina pembe.

Wagiriki wana msemo wa kale: kupeleka bundi Athens, yaani kupeleka kitu kule kilikojaa. Wa kupeleka bundi Tanga hawana, nadhani hawakuwahi kumpata mjinga wa kumjaribia.

Bundi akatolewa nje, akafunikwa ndoo karibu na tangi la maji. Njiani kurudi mke wangu alisema neno moja tu: “Sabuni.” Sikuthubutu kumwambia kuwa hata mzeituni ni alama ya Athena. Ndio aliomshindia Poseidon, mungu wa bahari, walipogombea mji ule, mwenzake alipotoa chemchemi ya maji ya chumvi. Mama angemwogea Athena yule yule asubuhi na jioni, na kuniombea dua juu yake.

Saa nane usiku simu ikaita. Mama mkwe, sauti ya chini kabisa.

“Mwenzake amekuja. Yuko juu ya mwembe, anamwita. Njoo uwachukue wote wawili.”