Kura ya tuta ninayo, kura ya mto wa kwetu sina

Kila mwaka naletewa bili ya kodi ya maji. Maji ya bomba yana bili yake. Hii ni ya tuta, ule ukingo wa udongo unaozuia maji ya mto. Ninaishi Nijmegen, mashariki mwa Uholanzi, kando ya mto Waal, na kila kaya hapa, mwenye nyumba na mpangaji, huchangia matuta, mifereji, pampu na usafishaji wa majitaka. Anayetoza si serikali kuu wala manispaa. Ni waterschap, mamlaka ya maji ya eneo. Ziko 21 nchi nzima, na baadhi zina mizizi ya karne ya 13. Zina uchaguzi wake kila miaka minne, na hapo ndipo ninapocheka: mbunge wao siruhusiwi kumchagua, kwa sababu pasipoti yangu bado ni ya Tanzania (ukichukua yao, yetu inakwenda), lakini wajumbe wa tuta nawapigia kura kama mwenyeji yeyote.

Ndugu wa nyumbani wakisikia Uholanzi na mafuriko, huulizia yale malango ya chuma ya kuzuia bahari karibu na Rotterdam. Ni makubwa kweli, ukiyaona unanyamaza. Mimi nadhani tunaangalia sehemu isiyo na somo kwetu. Usiku wa kuamkia Februari 1, 1953, bahari ilivunja matuta ya kusini-magharibi na watu 1,836 wakafa. Kabla mwezi haujaisha tume ilikwisha kuundwa, na kazi iliyoanza hapo ilimalizika 1997 kwa malango hayo. Miaka arobaini na zaidi, serikali zikija na kuondoka. Na hakuna aliyewataka Waholanzi wathibitishe ni sentimita ngapi za lile wimbi zilitokana na mabadiliko ya tabianchi.

Sisi tunatakiwa tuthibitishe. Ukiandika andiko la kuomba fedha kwenye Mfuko wa Kijani wa Tabianchi, ule wenye makao Songdo, Korea Kusini, lazima uonyeshe tatizo lako linavyotokana na tabianchi, lisiwe lile la kawaida la umaskini. Mto hauji na mafungu mawili, maji ya tabianchi huku na ya umaskini kule. Kwa hiyo tunaajiri washauri waelekezi, kunafanyika warsha na posho zake, na makabrasha yanajaa kabati kabla hata mtaro mmoja haujazibuliwa.

Kwa upande wa mama mimi ni mtu wa Muhoro, bonde la mto Rufiji, Tanzania. Kule mafuriko hayajaanza leo. Wazee walilima mpunga maji yakipanda, na yakishuka wakapanda mlau, yaani mahindi, kunde na maboga kwenye tope lililobaki na unyevu. Wakati wa kulinda mashamba walikaa kwenye madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968 serikali ikawahamishia watu vijiji vya nchi kavu, Operesheni Rufiji. Shule na zahanati zilipatikana, sibishi. Ila mashamba yalibaki bondeni, na watu wakaendelea kurudi huko msimu hadi msimu.

Aprili 2024 mvua za masika zilipozidi, wilaya za Rufiji na Kibiti zilizama. Mpunga ulikwenda, nyumba zikaingia maji, watu wakasafiri kwa mitumbwi juu ya barabara. Kwa kuwa huko juu lipo Bwawa la Julius Nyerere, lililojengwa kutoa megawati 2,115, mabishano yalizuka papo hapo: limezidisha maji au limeyapunguza? Mabishano hayo siyamalizi mimi huku niliko. Swali langu ni dogo. Mkulima wa Muhoro angempigia nani simu? Yuko wapi mtu ambaye kazi yake ni mto huo, aliyekaa kwenye kiti kwa kura ya mkulima huyo, na anayeogopa kuikosa uchaguzi ujao?

Hapa Nijmegen naye yuko, na haimaanishi kwamba watu wanampenda. Mwaka 1995 mito ilijaa hadi watu wapatao 250,000 wakahamishwa, na wataalamu wakakiri kwamba kuinua matuta kila mara kuna mwisho wake. Wakaamua kuurudishia mto nafasi, katika maeneo zaidi ya 30 ya nchi. Ng'ambo yangu, Lent, tuta lilisogezwa nyuma mita 350 na mkondo wa pili ukachimbwa. Nyumba kama 50 zilibomolewa. Wenyewe walipinga kwa miaka, kwa mabango na kwa mikutano, wakalipwa na bado wengine hawakuridhika. Kwenye bonde la Overdiepse, wakulima hawakungoja kuhamishwa tu. Wenyewe walipeleka mpango: tujengewe vilima vya udongo, tuweke nyumba na mazizi juu, maji yapite mashambani. Baadhi wakabaki, wengine wakalipwa wakaondoka. Nilipoviona vile vilima nilikumbuka madungu. Tofauti ni kwamba wazo la wakulima wale liliingia kwenye bajeti ya taifa.

Sasa tazama tunavyopanga sisi. Ukuta wa bahari pale Barabara ya Barack Obama, Dar es Salaam, ulikamilika 2018 kwa fedha za Mfuko wa Kuhimili Mabadiliko ya Tabianchi, ndani ya mradi wa dola kama milioni 5. Ukuta mzuri, jioni watu wanaufurahia. Lakini mradi una tarehe ya kufungwa, na zege halina. Likianza kupasuka, fungu la kulikarabati litatoka wapi?

Kinachonikera ni kwamba chombo tunacho tayari. Nchi imegawanywa katika mabonde tisa, kila moja na bodi yake ya maji: Rufiji, Pangani, Wami/Ruvu na mengine. Kazi yao kubwa ni vibali vya kutumia maji na ada zake, na wajumbe wanateuliwa kutoka juu. Kila mfadhili akija anaunda kitengo chake cha mradi pembeni, na gari lake, na baada ya miaka mitano kitengo kinavunjwa na wataalamu wanatawanyika. Wapeni mabonde jukumu la mafuriko, wajumbe wa kuchaguliwa na wakazi wa kando ya mto, na fungu la kudumu.

Mtaniambia mkulima wa Muhoro hawezi kulipa kodi ninayolipa mimi. Hawezi, na hapaswi. Ndipo fedha za nje zinapohitajika: wanaochafua hewa, Waholanzi wakiwemo, waliochimba gesi ya Groningen kwa zaidi ya nusu karne, wachangie fungu la bonde kila mwaka, kama mimi ninavyochangia tuta la Waal kila mwaka. Haya si ya kubuni tu. Makueni, Kenya, walitunga kanuni ya kutenga angalau asilimia 1 ya bajeti ya maendeleo ya kaunti kwa ajili ya tabianchi, na kamati za wadi ndizo zinazopendekeza miradi. Kwetu Longido, Monduli na Ngorongoro walijaribu utaratibu wa namna hiyo, wananchi wakichagua wenyewe kipi kianze.

Bonde la mto Msimbazi, Dar es Salaam, sasa lina mradi wa mafuriko wa dola milioni 260: mkopo wa Benki ya Dunia, mkopo wa Hispania, na ruzuku ya Uholanzi ya milioni 30. Kwa hiyo kodi yangu nyingine, ile ya mshahara, imefika Jangwani, bondeni humo, kwa njia ya mzunguko. Daraja litajengwa, mto utachimbwa, sina shaka. Lakini tope linashuka kutoka vilima vya Pugu kila masika, na litaendelea kushuka wafadhili wakishaondoka. Mlioko Kigogo na Magomeni, mkiitwa kwenye mkutano ombeni muonyeshwe fungu la kuchimba tope kwa mwaka wa kwanza baada ya mradi kufungwa, na jina la ofisi itakayolisimamia.