Raha ya kutishwa, na jini wa Pwani

Wanaolipa tikiti kwenda kutishwa kwenye ukumbi wa sinema kule Nyali ndio hao hao ambao stima ikipotea usiku hawaendi chooni peke yao. Wasiopenda filamu za kutisha huwacheka kwa hilo. Kwa nini basi mtu apende kutishwa? Mimi naona jibu limo humo humo.

Mwili haujui sana kutofautisha hatari ya kweli na ya kioo: adrenalini inapanda, moyo unaenda mbio, viganja vinalowa. Akili ndiyo inayojua kwamba zimwi halitoki mle. Mtafiti Dolf Zillmann alieleza kuwa msisimko ule hauishi mara hatari inapopita; hubaki mwilini ukaipa nguvu furaha inayofuata, ndiyo maana ukumbi ukishapiga ukelele huangua kicheko. Mtazame binti aliyejifunika leso usoni. Kajifunika, lakini kaacha upenyo wa jicho moja, na upenyo ule anaupanua na kuubana mwenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus, Denmark, waliochunguza wageni wa nyumba ya kutisha, walionyesha mwaka 2020 kwamba raha huongezeka na hofu hadi kiwango fulani. Hofu ikizidi hapo, raha huporomoka.

Wapinzani nao hawasemi ovyo. Mwaka 1999 watafiti Kristen Harrison na Joanne Cantor waliwauliza wanafunzi wa vyuo Marekani: asilimia 90 hivi walikumbuka filamu au kipindi kilichowatisha kikawaachia athari, na kwa takriban robo yao athari hizo zilikuwa hazijaisha.

Kwetu Pwani kuna jambo zaidi. Mnyonya damu wa Ulaya ni mgeni. Akishatisha anarudi kwao. Lakini jini? Mombasa nani hajasimuliwa habari za mwanamke mrembo wa usiku, mwenye manukato, ambaye ukiteremsha macho unaona kwato za punda? Tena majini wametajwa katika Qurani, wana sura yao nzima, ya 72. Kwa anayeamini hivyo, filamu ya jini si mchezo mtupu: simu ataizima, imani haizimi. Maustadhi wanaozikataza huitwa washamba (na baadhi yao, kusema kweli, hukataza hata katuni), ila kwa hili wanawajua watu wao.

Hata hivyo sioni faida ya kupiga marufuku. Bibi zetu walitutisha kwa mazimwi miaka yote, lakini bibi alimwona mtoto akimng'ang'ania nguo, akapunguza makali ya hadithi. Simu haimwoni mtoto. Daraja za 16 na 18 za Bodi ya Uainishaji wa Filamu ya Kenya zina maana mlangoni pa sinema, anaposimama mkata tikiti. Kipande cha jini kinachosambazwa WhatsApp hakina mlango. Mtu mzima anayetaka kutetemeka Jumamosi usiku mwacheni atetemeke, pesa ni zake. Vita vyangu ni na mzazi anayemkabidhi simu mtoto wa miaka minane ili apate kupika kwa utulivu, kisha alfajiri anatafuta wa kumsomea kombe la kumtoa hofu.