Tela la mtoto nyuma ya baiskeli: kiungo kwanza, rangi baadaye

Kati ya vifaa vya watoto vinavyouzwa vikiwa vimetumika, tela la nusu baiskeli ni kimojawapo cha vichache vinavyostahili pesa yako. Nazungumzia lile lenye gurudumu moja nyuma, siti, usukani na pedali za mtoto, ambalo mbele lina mkono mrefu unaofungwa kwenye baiskeli ya mzazi. Mtoto hulitumia kuanzia miaka minne hivi hadi anapoweza kukimbizana na wazazi kwa baiskeli yake mwenyewe, halafu linasukumwa kwenye kona ya gereji. Ndiyo maana Waswahili wanaoishi Uholanzi, Uingereza, Ujerumani au Kanada huyakuta yakiuzwa kwa bei ya kutupa, huku chuma chake kikiwa bado na uhai mwingi.

Kinachonikera ni namna yanavyokarabatiwa. Watu huanza na kinachoonekana: wanapiga msasa na rangi, wanabadilisha cheni, wanavalisha mikono ya usukani yenye ushungi wa rangi, kisha wanampandisha mtoto. Kiungo kinachoshika tela na baiskeli hakijaguswa. Mimi nasema kinyume chake: kama kiungo hakitengenezeki, usipoteze hata kopo la rangi. Na kama kiungo ni kizima, vingine vyote ni kazi ya mchana mmoja.

Tazama kiungo hicho kinavyofanya kazi. Cha aina ya kawaida, kama cha Trail-a-Bike ya Adams kutoka Kanada, hufungwa kwa kibano kwenye bomba la siti la mzazi. Kina mhimili wa wima unaoruhusu tela kukata kona, na mhimili wa mlalo unaoruhusu kupanda na kushuka kwenye matuta. Mwendo wa tatu, yaani kulala upande, haukuachiwa. Tela halina akili ya kusimama lenyewe. Linasimama kwa sababu baiskeli ya mbele imesimama. Kwa hiyo uchezaji wowote ndani ya kiungo unageuka kuwa kulala upande, na kadiri siti ya mtoto ilivyo juu, ndivyo inavyohama zaidi. Chukua mstari unaotoka kiungoni hadi mahali tairi la tela linapogusa ardhi. Siti ya mtoto ikiwa nusu mita juu ya mstari huo, uchezaji wa digrii 5 unaihamisha zaidi ya sentimita 4. Uzito wa mtoto nao unaisukuma kulekule inakoelekea kuangukia. Mzazi huko mbele anahisi mtu anamvuta kiuno kila mtoto anapojigeuza kutazama bata.

Kupima si kazi. Funga tela, mtu mmoja ashike baiskeli ya mbele wima bila kuitikisa, wewe shika siti ya mtoto uisukume kushoto na kulia. Ikicheza sentimita moja, kaza na uendelee kuangalia. Ikifika tatu au nne, fungua kiungo chote. Usidanganyike na ukimya. Kiungo kilichojaa grisi chafu hakipigi kelele hata kikiwa kimekwisha.

Ukikifungua, mara nyingi utakuta mojawapo ya mambo matatu. La kwanza ni bushi za plastiki zilizolika, yaani vile vipete vinavyokaa kati ya bolti na tundu. La pili, bolti iliyowekwa na mwenye tela wa zamani ambayo ina uzi kuanzia kichwani hadi mwisho, kwa hiyo uzi wenyewe umekuwa tupa unaokula bushi kila tela linapokata kona. La tatu, tundu la chuma limeacha kuwa duara na kuwa yai. Bushi zinabadilishwa. Kama mtengenezaji bado anaziuza, nunua. Kama hauzi, pima kwa venia (kipimio cha taya) kipenyo cha bolti na cha tundu, mpelekee fundi wa kukereza chuma, akutengenezee za shaba au za nailoni ngumu. Mwambie ziingie kwenye tundu kwa kusukumwa, na bolti izunguke ndani yake kwa nafasi ya takriban milimita 0.1, isizidi. Ziwe na ukingo, ili chuma kisisuguane na chuma pembeni.

Bolti mpya iwe na sehemu laini ndefu ya kutosha kupita bushi zote, uzi uanze nje tu. Kichwani iwe imepigwa chapa 8.8 au zaidi; bolti isiyo na alama yoyote ni ya kufungia banda la kuku. Nati iwe ile yenye kola ya nailoni ndani, na kila ukiifungua weka mpya, kwa sababu kola hiyo ikishapanuliwa haishiki kama mwanzo. Kaza mpaka uchezaji uishe, lakini kiungo kigeuke kwa mkono bila kusukumana. Kikigoma kugeuka, tela litamlazimisha mzazi kwenda moja kwa moja kwenye kona, na hilo ni baya kuliko kucheza.

Tundu lililokuwa yai lina dawa mbili. Kama nyama ya chuma iliyobaki pembeni ni nene, litobolewe upya kwa bolti kubwa zaidi, mathalani kutoka milimita 10 kwenda 12, na bushi zikerezwe kwa kipimo hicho kipya. Kama nyama ni nyembamba na mkono ni wa chuma cha kawaida, fundi wa kuchomelea aongeze bamba pande zote mbili kisha atoboe. Sumaku ndiyo itakayokuambia: ikinasa, ni chuma, isiponasa, ni alumini, na hapo shughuli inaishia. Alumini ya fremu hupoteza nguvu pale ilipopata moto wa kuchomelea, na bila kupikwa upya kwa utaratibu wa kiwandani hairudi ilivyokuwa. Tela la alumini lenye ufa ni la kuchukuliwa pedali, siti na gurudumu, mengine yaende kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Najua linaumiza, hasa fremu ikiwa bado inang'aa, lakini hapa sina maneno mawili.

Nyufa zitafute kwa maji ya sabuni, kitambaa na mwanga wa tochi unaopigwa kwa ubavu. Mahali pake panajulikana: chini ya mkono karibu na kiungo, kwenye mkunjo wa mkono, kuzunguka maungio ya kuchomelea ya boksi ya pedali, na pale tela linapokunjwa au kugawanywa vipande viwili. Mstari mwembamba wa kutu uliotoka chini ya rangi nzima ni ufa mpaka ithibitike vinginevyo. Kwangua rangi hapo, uone. Ni sababu moja zaidi ya kutopaka rangi kwanza: rangi mpya inaficha kile kile unachokitafuta.

Nikirudi kwenye kibano. Mabomba ya siti yana vipenyo vingi, milimita 25.4, 27.2 na 31.6 ni vya kawaida, na vingine vingi vipo katikati. Kibano cha tela huja na vipande vya kujazia nafasi, na hivyo ndivyo vinavyopotea tela linapobadilisha mikono. Watu hujazia kwa kipande cha tyubu au bati la kopo la soda. Mpira unabonyea, kwa hiyo kibano kinajizungusha polepole na tela linalala upande hata kama bushi ni mpya. Tumia kijazio cha alumini au plastiki ngumu cha kipimo halisi, mpasuo wake uelekezwe kwenye mpasuo wa kibano. Sehemu inayobanwa iwe kavu, imefutwa kwa spiriti. Grisi inakaa chini, ndani ya fremu, si hapo.

Bomba lenyewe liwe la chuma au la alumini nene. La kaboni usilifungie tela, wala lenye springi, wala lile linalopanda na kushuka kwa kitufe. Pia mtu mfupi ambaye siti yake imekaa karibu na fremu atakosa mahali pa kufunga kibano, na suluhisho si kuinua siti mpaka vidole vya miguu vining'inie. Kwa huyo, na kwa maoni yangu kwa kila mtu anayeweza kuchagua, tela linalofungwa kwenye keria maalumu ni bora zaidi. Burley Piccolo ya Marekani imejengwa hivyo: kiungo kimekaa juu ya keria, chini zaidi na nyuma zaidi, kwa hiyo mtoto akijitikisa mzazi hahisi sana. Ila ukiuziwa la namna hiyo bila keria yake, umeuziwa mzigo, kwa sababu kiungo hakikai kwenye keria ya kawaida. Kwa jumla, viungo vya watengenezaji tofauti havioani. Kabla ya kulipa, uliza mambo mawili: kiungo chote kipo? Pini ya kufungia mkono wa tela kwenye kiungo ipo?

Pini hiyo ni ya chuma kigumu na ina kibanio chake mwishoni. Ikipotea, tafuta ya kipenyo kilekile, si msumari na si bolti iliyopatikana kwenye droo. Ifunge kwa kamba fupi kwenye mkono wa tela isipotee tena. Kisha ongeza mkanda wa nailoni wa upana wa milimita 25 kutoka kwenye fremu ya mzazi hadi kwenye mkono, uwe na ulegevu wa kuruhusu kona kali lakini usining'inie hadi kwenye spoki. Siku kiungo kitakapoachia, mkanda huo ndio utakaolizuia tela lisibaki nyuma peke yake barabarani.

Gurudumu halina makuu. Mengi ni ya inchi 20 kwa kipimo cha 406, kwa hiyo tairi lenye maandishi 47-406 au 20 x 1.75 linaingia, na hilo hata Dar es Salaam au Mombasa linapatikana kwa sababu baiskeli za watoto hulitumia. Tairi la zamani laweza kuonekana zima kwa kashata zake huku ubavu umepasuka vijistari kwa jua na miaka ya kukaa bila upepo. Likunje kwa vidole uone. Jaza upepo kama ubavu wa tairi unavyosema, mara nyingi kati ya psi 35 na 50. Tairi lenye upepo mdogo hulifanya tela liyumbe, na watu wakalaumu kiungo.

Fungua ekseli, osha kwa mafuta ya taa. Mara nyingi utakuta gololi 9 za robo inchi kila upande. Zenye madoa zibadilishe zote, weka grisi, kaza koni mpaka gurudumu lisicheze wala kukwaruza. Kunyoosha ringi usihangaike nako sana. Gurudumu hili halina breki, kwa hiyo likiyumba milimita mbili halimdhuru mtu, mradi hakuna spoki iliyolegea.

Upande wa pedali, mtego ni uzi. Matela mengi ya zamani yana krenki (mikono inayoshika pedali) ya kipande kimoja, ambayo nati na koni za upande wa kushoto hufunguka kinyume, kuelekea kulia. Anayelazimisha kama kawaida anaua uzi na krenki nzima. Pedali zake ni za nusu inchi, ilhali krenki za vipande vitatu hutumia 9/16, na hizo mbili haziingiliani. Pedali ya kushoto nayo ina uzi wa kinyume. Friwili ya gia moja kwa kawaida ina uzi uleule wa 1.37 x 24 ulioko kwenye baiskeli nyingi za mizigo za Afrika Mashariki, hivyo fundi wa kijiweni ana ya kukupa. Cheni ya gia moja ni ya nusu inchi kwa 1/8. Iache na ulegevu wa sentimita moja hivi katikati. Kinga ya cheni usiitoe hata kama inagonga. Inyooshe.

Usukani wa tela haugeuki, na ndivyo unavyotakiwa uwe, kwa hiyo mtoto anauning'inia kwa nguvu zake zote. Kaza bolti zake, na mwisho wa kila mkono wa usukani uzibwe kwa plagi. Bomba wazi hukata ngozi ya tumbo mtoto akiangukia hapo.

Sasa baiskeli ya mzazi, ambayo ndiyo yenye breki za wote wawili. Weka mpira mpya wa breki mbele na nyuma, kebo zisizokwaruza, na madigadi ya nyuma inayoshuka vya kutosha, la sivyo mtoto atakula tope la barabara nzima. Matela mengi yana kikomo cha uzito wa mtoto karibu kilo 38. Soma kibandiko, na kama kimebanduka usizidishe hapo.

Jaribio la kwanza lisiwe na mtoto. Funga mfuko wa mchanga wa kilo 15 kwenye siti, nenda kwenye uwanja mtupu, zunguka namba nane kulia na kushoto, kisha shika breki kwa nguvu ukiwa kwenye mstari ulionyooka. Angalia kama mkono wa tela unagusa tairi la nyuma la mzazi kwenye kona kali. Ukigusa, kibano kipande juu au kona hizo zikatwe kwa kusukuma baiskeli. Baada ya kilomita 20 hivi za kwanza kaza tena kila bolti ya kiungo, maana bushi mpya hujikalisha na kuacha nafasi. Baada ya hapo, mara moja kwa mwezi inatosha, pamoja na tone la mafuta kwenye cheni. Tela likimaliza kazi na mtoto amekua, fungia kibano, vijazio na pini kwenye mfuko mmoja, uufunge kwa waya kwenye mkono wa tela kabla ya kulihifadhi au kumpa mwingine.