Msiseme Wazanzibari hawasemi

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye mafunzo ya washauri nasaha hapa mjini. Mwezeshaji, kijana mwenye elimu yake nzuri, akasema mbele ya watu 40 kuwa wateja wa Zanzibar ni wagumu, hawafunguki. Watu wakaandika. Mimi kalamu niliiweka chini, na tangu siku ile sijatulia.

Sijatulia kwa sababu maneno hayo niliwahi kuyaandika kwa mkono wangu. Mwaka wangu wa pili kazini aliletwa kwangu bi mkubwa mmoja kutoka shamba, dawa za maumivu zimeshindwa. Chumba nilikipanga kama nilivyofundishwa: viti viwili vinavyotazamana, saa ukutani, boksi la tishu, dakika 50. Nikamkazia macho, nikamuuliza anajisikiaje moyoni. "Sina neno mwanangu. Mwili tu, umechoka." Nikanyamaza, maana nilifundishwa kuwa kunyamaza ni mbinu. Yeye akaona nimemkasirikia. Akavuta buibui lake, akaniomba radhi kwa kunipotezea wakati, akatoka. Kwenye faili nikaandika: hana ushirikiano. Hakurudi tena, na mpaka leo nikipanda gari la kwenda kwao huwa natazama nyuso za abiria.

Mimi nimezaliwa Wete, Pemba. Msimu wa karafuu, usiku, wanawake wa nyumbani na majirani walikaa juu ya jamvi moja kuchambua, karafuu huku, makonyo kule, kandili katikati. Hakuna aliyemtazama mwenzake usoni, macho yote yako kwenye mikono. Hapo ndipo nilipoyasikia yote: mume aliyeoa bila ya kusema, mimba zilizoharibika, mtoto aliyechukuliwa na bahari. Mara nyingi habari ilianza na "kuna mtu mmoja," na kila aliyekaa pale akimjua mtu huyo ni nani, wala hakutajwa. Alikuwa akisitiriwa huku akisaidiwa. Ndio hawa wasiosema? Wanawake wanaochagua kanga kwa maneno yake, kisha wakapita nayo mbele ya mlango wa wanayemkusudia?

Chuoni nilifundishwa siri: ayasemayo mteja yasitoke chumbani. Ni lazima, na nailinda. Lakini anayekuja kwangu anataka zaidi ya hiyo, anataka sitara. Siri inamkinga na walio nje ya mlango. Sitara inamkinga hata na mimi niliyekaa naye ndani. Anataka kusaidiwa bila ya kuvuliwa nguo, na mimi miaka yote ile nilikuwa namvua kwa maswali, tena nikimtazama.

Nimebadilika kidogo kidogo. Nilianza na viti, nikaviweka ubavu kwa ubavu, vinatazama dirishani, kama watu wawili waliokaa barazani. Kisha nikaleta ukindu, majani ya kusukia mikeka. Anayejua kusuka ukili anasuka, nami nasuka, na asiyejua namkatia kipande akichezee tu. Mikono ikishapata kazi, pumzi inashuka, naiona. Na nikiletewa habari ya jirani, naipokea kama habari ya jirani. Namuuliza huyo jirani analala vipi, anakula, nani anamsaidia na watoto, akizidiwa huwa anafanya nini. Siku ya kusema "mimi" ataichagua mwenyewe. Wapo ambao hawajaisema mpaka leo, na usingizi umewarudia.

Wapo wenzangu wanaosema hiyo si taaluma. Freud mwenyewe, daktari wa Vienna aliyeanzisha uchambuzi wa nafsi, alikaa nyuma ya kochi alilolalia mgonjwa, na mwaka 1913 aliandika kuwa hawezi kustahamili kukodolewa macho na watu saa nane za kazi kila siku. Na tusiende mbali hivyo. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kule Mbare, Harare, kuwafundisha kina bibi wa mtaani kukaa na watu kwenye benchi la mbao nje ya kliniki. Matokeo ya utafiti wao wa watu 573, katika kliniki 24, yalichapishwa mwaka 2016: baada ya miezi sita, waliokaa benchini walikuwa na dalili chache za sonona kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Maradhi yenyewe wanayaita kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Sisi tunasema fulani ana mawazo. Na lile benchi lao, sisi tunalo mbele ya kila nyumba ya zamani.

Anayehitaji dawa namwandikia barua aende Kidongo Chekundu, hospitali yetu ya maradhi ya akili, bila ya kusita. Anayesomewa Kurani na shehe wake, aendelee. Sijapata kumwambia mtu achague.

Hoja moja ya wanaonipinga inaniuma, kwa sababu ni ya kweli. Sitara imetumika hapa kuwafunika waovu. Mtoto anadhalilishwa na mtu wa nyumba, wazee wanakaa kikao, yanaishia kwenye muhali, kuoneana haya. Nimeyaona, nimelia nayo. Hapo ukindu nauweka pembeni. Tunakwenda kituo cha mkono kwa mkono, kinachohudumia waliodhalilishwa, na jamaa zake nawaambia usoni kuwa sitara ni haki ya aliyeumizwa, aliyemuumiza hana fungu humo. Nimepoteza marafiki kwa hilo, na nitaendelea.

Yule kijana nilimfuata wakati wa chai. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akaniuliza aanzie wapi. Nikamwambia ageuze viti kwanza. Halafu afungue kabati lake, atafute faili lililoandikwa "hana ushirikiano," ampigie simu mwenyewe, amuombe radhi, amwambie karibu tena.

Yule bi mkubwa wangu hakuwa na simu.