Ukitosheka Sema Basi

Migahawa ya Kitaliano yenye matawi kila mahali huwa haina siri. Ingia tawi hili, ingia lile, utakuta menyu ile ile iliyopigwa plastiki, picha zile zile za mashamba ya mizabibu, na mkate wa kitunguu saumu unaoletwa bila kuuomba na kuongezwa bila kuukataa. Mimi napapenda. Shemeji yangu anapadharau, kwa sababu amesoma sana habari za mapishi ya Italia, na ukila naye lazima uondoke na elimu hata kama ulifuata shibe.

Siku hiyo tulikuwa mimi, mke wangu, kaka yake huyo, na mama mkwe. Tulipoletewa vya kutangulizia, mke wangu akainuka kwenda kunawa, akaniacha na familia yake.

Niliagiza fettuccine Alfredo, zile tambi bapa zenye mchuzi wa krimu na jibini. Shemeji akaguna.

"Unajua huyo Alfredo alikuwa mtu kweli? Alfredo di Lelio, mwenye mgahawa Roma. Yeye alitia siagi na jibini tu. Hiyo krimu wameongeza Wamarekani."

"Haya, na hizo tambi za carbonara?" mama mkwe akauliza, kwa upole wa mzazi ajuaye kwamba mwanawe hatanyamaza hata asipoulizwa.

Hapo ndipo alipofunguka. Mayai, nyama ya shavu la nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi, jibini la pecorino, pilipili manga, basi. Akahamia jibini la Parmigiano Reggiano: gurudumu moja lina uzito wa karibu kilo 40, nalo hukaa ghalani si chini ya miezi 12 kabla ya kuuzwa. Nikawa naitikia kwa kichwa huku jicho liko kwenye sahani ya vijiti vya mozzarella vilivyokaangwa.

Sasa, hivi vijiti vina unafiki. Ganda lake la chenga za mkate hupoa upesi. Ukiligusa kwa kidole unaona mambo salama. Moto wote umejificha ndani, kwenye jibini lililoyeyuka. Nilitia kijiti mdomoni, nikauma katikati.

Sijui niuelezeje ule moto. Ulimi ulijaribu kukimbia ukakosa pa kwenda. Nikavuta kile kipande kingine nje, na hapo ukatoka uzi wa jibini, ukazidi kurefuka kutoka mdomoni kwangu hadi sahanini kama kamba ya kuanikia nguo, na haukatiki. Kutema mbele ya mama mkwe haiwezekani. Kumeza haiwezekani. Nikaamua kufa na tai shingoni.

Fettuccine yangu nayo ikafika wakati huo huo, na nyuma ya sahani akaja mhudumu, kijana mwenye tabasamu la kufundishwa, kashika ile mashine ya kukwangulia jibini yenye mpini wa kuzungusha.

"Nikuwekee jibini, bosi? Ukitosheka sema basi."

Akaanza kuzungusha.

"Mmm," nikasema.

"Ndiyo, bosi," akasema.

Jibini likaanza kushuka juu ya tambi ambazo tayari zinaogelea katika jibini. Nikatikisa kichwa, ule uzi ukatikisika pamoja nami, nikatulia usije ukaangukia shati. Nikainua mkono kumzuia. Bahati mbaya mkono ulikuwa na uma, na kwa namna nilivyoushika kidole gumba kilisimama wima. Kijana akafurahi, akaongeza kasi.

Shemeji hakuona lolote. Alikuwa amefika kwenye tofauti ya maziwa ya kondoo na ya ng'ombe. Mama mkwe ndiye aliyekuwa akitazama. Alitazama sahani, akanitazama mimi, machozi yananilengalenga, akamgeukia mhudumu.

"Si mtu wa maneno mengi huyu. Lakini unaona mwenyewe anavyolipenda. Mwekee tu, mwanangu."

Kijana akatii, akazidi kuniwekea. Fettuccine zilipotea kwanza katikati, kisha pembeni. Ule ukingo wa sahani wenye nembo ya mgahawa ukafunikwa. Nilipata muda wa kutosha kupiga hesabu ya zile kilo 40 na kuona gurudumu linakwenda. Hatimaye mashine ikaanza kuzunguka tupu, kra kra kra, na mhudumu akachungulia ndani kwa masikitiko.

"Kipande kimeisha, bosi. Nikalete kingine?"

Nilikuwa nimeshameza, lakini sauti ilikuwa imeungua. Ilitoka pumzi tu.

"Anasema ahsante," mama mkwe akatafsiri. "Inatosha kwanza."

Mke wangu akarudi, akakaa, akaitazama sahani yangu kwa muda. Hakuuliza. Alimtazama kaka yake, akadhani ni mambo yake.

Nikaanza kuchimba. Kwa chini tambi zilikuwepo, nilizikuta baada ya juhudi. Nilikunywa maji glasi baada ya glasi, na sauti ikaanza kunirudia kidogo kidogo, nikaweza kusema "tamu sana, mama," naye akafurahi. Mambo yakawa yanatengemaa.

Ndipo nikamwona tena. Anatoka jikoni, tabasamu lile lile, safari hii kakumbatia kinu cha pilipili manga kirefu kuliko mkono wake, na anakuja upande wetu. Mdomo ulikuwa mtupu. Koo lilikuwa wazi. Sikungoja afike.

"BASI!"

Mgahawa mzima ukageuka. Mtoto wa meza ya nyuma akaanza kulia. Kijana akasimama palepale, kinu kifuani, kisha akapita taratibu nyuma ya kiti changu hadi meza ya jirani, alikokuwa ameitwa.

Mama mkwe akaweka uma chini.

"Kumbe sauti unayo," akasema.