Bango Limepimwa Mbele na Nyuma

Jamani, leo acheni niseme. Sijauza hata kiazi kimoja, mafuta ndiyo kwanza yanashika moto, kijana huyu hapa. Shati limenyooka, kitambulisho kifuani kimegeukia ndani, mkononi kitabu cha risiti. Wenzangu wa Tabata mnajua, kitabu cha risiti kikifika kabla ya saa tatu asubuhi, hiyo siku ihesabu imeenda.

"Shikamoo mzee."

Nikaishiwa nguvu. Wakija na shikamoo, hiyo si ya elfu mbili.

"Marahaba mwanangu. Leseni ipo ukutani. Wa afya kapita, wa zimamoto kapita, wa taka kapita, ulinzi shirikishi kachukua chake na mishkaki miwili."

"Mimi si wa huko, mzee. Mimi wa mabango."

Bango lenyewe ni kipande cha bati nilichochora kwa mkono wangu: BABA SUZI CHIPSI. Ile I ya mwisho ilikosa nafasi, ikabidi ishuke chini ikae peke yake. Kijana akatoa tepu, akapima urefu, akapima upana, akaandika. Nikasema basi, yameisha. Akazunguka nyuma.

"Huku nako kuna maandishi."

"Hiyo ni bei ya mayai, mwanangu. Naikumbuka mwenyewe."

"Inasomeka barabarani." Akapima. Akauona mshale niliouchora kwenye mti, unaoonyesha njia ya kuja kwangu. Akapima mshale! Akaugeukia mwavuli.

"Huo wa kampuni ya soda," nikamwambia. "Unawatangaza wao. Mimi nakaa chini yake tu, kama mpita njia."

"Lakini uko kwako."

Nikaona nitumie heshima yangu. Nikaingia ndani, nikatoka na kitambulisho cha mjasiriamali mdogo, kile cha elfu ishirini tulichogawiwa enzi za Magufuli mwishoni mwa 2018, tukaambiwa ukiwa nacho hakuna wa kukugusa. Nakifunga kwenye nailoni, hakijapata vumbi. Akakipokea kwa mikono miwili, akakisoma mbele, akakisoma nyuma, akanirudishia.

"Kitunze, mzee," akasema. Tena kwa upole! Angenitukana ningemwelewa.

Tepu ikaanza kunijia mimi. Fulana yangu ina maandishi mgongoni. Nikajigeuza polepole ili apate na kifua, maana ni fulana ya kampeni za uchaguzi, na kifuani kuna picha ya mheshimiwa anatabasamu. Tepu ikarudi ndani yenyewe, chap! Mheshimiwa huyo tangu apite hajanisaidia chochote, lakini leo namshukuru.

Kijana akajumlisha kwenye simu, akanitajia hela. Sitaiandika hapa, mke wangu anasoma. Kisha akavuta kiti, akaagiza chipsi mayai, kachumbari nyingi, pilipili pembeni. Akala. Akafuta mdomo. Halafu, Mungu anaona, akaniambia, "Mzee, niandikie risiti nikadai ofisini."

"Mwanangu, mauzo yangu hayajafika pa kuwekewa mashine."

"Sasa mimi nitathibitishaje kuwa nimekula?"

Hapo ndipo niliposahau umri wangu. Niliyoyasema nayaacha hukohuko.

Mpwa wangu yupo kwenye benchi muda wote huo anachezea simu. Amemaliza chuo, digrii ipo, kazi hamna, basi ananisomea dunia bure. "Mjomba, Estonia mtu anasajili kampuni kwa kompyuta, amekaa kwao, hajamwona ofisa hata mmoja." Hiyo Estonia nzima ina watu kama milioni moja na laki tatu, Dar peke yake sensa ya 2022 ilitukuta zaidi ya milioni tano. Eti tena tangu mwaka 2000 faida ukiiacha ndani ya biashara hawaikati kodi ya kampuni, wanasubiri siku utakapoigawa. Nikamwambia, mpwa, kwangu faida inagawanywa kabla haijapatikana.

Akaniletea na India. Kule kabla ya mageuzi ya 1991 kiwanda kikizalisha kuzidi kibali, ni kosa. Mimi kosa hilo ningelitafuta kwa tochi.

Halafu kuna Mperu, mchumi Hernando de Soto. Alituma watu wake wakasajili kijikarakana cha kushona nguo, Lima, wafuate sheria yote bila kuruka. Wakakimbizana na makaratasi saa sita kwa siku, kwa siku 289. Nikacheka nikajua hilo la mbali. Kumbe enzi za Mkapa, 2004, tulimwita huyohuyo na taasisi yake watusaidie kurasimisha mali na biashara za wanyonge, ndiyo MKURABITA hiyo. Mnyonge wenu niko hapa, nimepimwa mpaka mshale.

Na ile orodha ya Benki ya Dunia ya wepesi wa kufanya biashara? Ya 2020 Rwanda walikuwa wa 38, sisi wa 141. Mwaka uliofuata benki wenyewe wakaifuta, takwimu za nchi kadhaa zilichezewa. Yaani tumefeli mtihani ambao msimamizi naye kakamatwa na majibu.

Baba mkwe anasema tunadeka. Yeye anakumbuka 1976, maduka ya watu binafsi yalipofungwa ili ya ujamaa yashike. Anakumbuka Nguvu Kazi ya 1983, ukikutwa mjini huna kazi inayotambulika unapakiwa kwenye gari unapelekwa kulima. Mpaka Mzee Mwinyi aliposema ruksa ndipo akaonja dawa ya meno ya dukani. Nikamuuliza, sasa baba, wakati huo walikuwa wanapima mabango? Akasema hakukuwa na cha kuuza, bango la nini.

Kijana wa mabango akiondoka alinishauri nikaombe mkopo wa halmashauri, ule wa asilimia kumi ya mapato yao. Nne za wanawake, nne za vijana, mbili za wenye ulemavu. Mimi ni mwanamume, nimepita hamsini, viungo vyote vinafanya kazi isipokuwa goti likikaribia mvua. Hela ya kwangu iko asilimia ya kumi na moja.

Kwa hiyo kaingia mama Suzi na wenzake, kikundi kina katiba, kina mhuri, kina sare. Kikao ni Jumamosi hapa kibandani. Nimeshaambiwa nifunge biashara, nipange viti, nikaange viazi vya wajumbe, kisha nitoke, mambo ya kikundi hayamhusu asiye mwanachama.