Jiwe la Mama Mkwe

Mshenga wangu ameshairusha aibu yangu ya ukweni kwenye magrupu mawili, tena kwa sauti ya dakika 4 ambazo 3 ni kicheko chake. Kwa hiyo wadau, sikieni kwa mhusika kabla haijafika kazini.

Mnajua Jumamosi nilikwenda ukweni na barua ya posa. Tukiwa tunasubiri pilau, shemeji mdogo akauliza kama nimeiona Parasite, ile filamu ya Wakorea ya 2019 iliyobeba Oscar 4. Hapo nilitakiwa niseme "ndiyo" ninyamaze.

Nikasema ile si vichekesho vya tajiri na maskini. Ni hadithi ya kisayansi, imefichwa tu. Bosi mwenye nyumba ana kampuni ya teknolojia. Akipanda ngazi taa zinawaka, anadhani zinajiwasha, kumbe kuna mtu chini ya ardhi anabonyeza swichi kwa paji la uso. Na kwenye mafuriko je? Lile jiwe ambalo familia maskini ilipewa zawadi linaibuka lenyewe majini. Jiwe! Wale wote wamo ndani ya kompyuta, na fundi wa programu alisahau kuliwekea jiwe uzito.

Mzee akakohoa. (Mwalimu wa jiografia mstaafu. Niliambiwa mapema kabisa.)

Nikaona maneno hayatoshi. Nikamtuma mjukuu wao, miaka 6, aniletee jiwe. Uani kwao ni sementi tupu, mtoto akaingia ndani, akarudi nalo. Mbele yangu palikuwa na beseni la kunawia, maji ya uvuguvugu, wazee hawajagusa.

Nilihisi ni jepesi. Naapa nilihisi. Ila ukishashika ukumbi unauachiaje? Nikaliinua, nikatoa sauti ya kusoma risala: "Wazee wangu, duniani kwetu jiwe huzama." Nikaliachia.

Likazama kidogo. Likarudi. Likalala ubavu, likaanza kuzunguka taratibu kama mtumbwi uliopoteza kasia, hadi likagota ukingo wa beseni, upande wa Mama. Sebule nzima kimya. Nikalididimiza kwa kidole kimoja, kwa heshima. Likaibuka. Nikatumia viwili. Likaibuka tena, safari hii na vijiunga fulani vyeupe ambavyo sitavieleza, kuna watu wanakula.

"Babu," mtoto akasema, "kwani na sisi tumo kwenye kompyuta?"

Mzee, kwa upole wa darasani, akafafanua kwamba lava yenye gesi nyingi ikipoa haraka huacha matundu, ndiyo maana jiwe la namna hiyo huelea. Maelezo ya Mama yalikuwa mafupi zaidi: "Baba, hilo nasugulia visigino."

Maji yakamwagwa, beseni likasuguliwa mara mbili, pilau tukala kwa vijiko. Barua ya posa wamepokea, acheni kuuliza. Ila leo asubuhi shemeji kanitumia picha ya jiwe lile lile, liko kwenye ndoo, linaelea. Chini kaandika: "Shem, hii programu bado hawajairekebisha."